Udongo Uliopanda Cerro Pelón

Jumamosi moja ya Februari, kabla jua halijachomoza vizuri, Hermelinda Orellana alikuwa ameshafagia mara mbili. Alianzia mlangoni pa jiko kwa ufagio wake wa vijiti, akamaliza uwanja, kisha akaingia shambani na kufagia huko nako, chini ya kila mti, mpaka ardhi ikabaki tupu na michirizi ya ufagio ikionekana. Siku hiyo warsha ilikuwa zamu yake. Watu kumi na wanane wangepita kila pembe ya shamba, na pale kijijini Cerro Pelón mwanamke aliyekutwa na majani makavu kwake alisemwa mpaka Pasaka.

Warsha hizo zilikuwa za permakalcha. Kwa maelezo ya Dinora Menjívar aliyeziendesha, permakalcha ni kulima kwa namna ambayo shamba litaendelea kujilisha lenyewe hata mkulima akiugua wiki nzima. Dinora hakuwa mtaalamu wa kutumwa. Alitoka kijiji cha ng'ambo ya mto, na alijifunza vilevile alivyofundisha: bila darasa, bila ubao. Kila Jumamosi kundi lilikwenda kwenye shamba la mmoja wao, likafanya kazi mpaka saa saba mchana, mwenyeji akalilisha, na somo la siku lilikuwa kile kilichobaki mikononi.

Hermelinda alikuwa na sababu ya kujifunza haraka. Miaka miwili mfululizo mahindi yake yalikufa yakiwa hayajafika kiunoni. Shamba lake lilikuwa la mteremko, na udongo wake ulikuwa umeshuka na mvua mwaka baada ya mwaka tangu zamani za bibi yake, hadi pakabaki mwamba wenye ngozi nyembamba juu. Binti yake Yanira, aliyekuwa akiishi mjini Soyapango, alimpigia simu Krismasi akamwambia, "Mama, mwaka huu yakifa tena, shamba tunauza, unahamia kwangu." Hermelinda alijibu sawa. Nyumba ya Yanira ilikuwa na vyumba viwili na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na wazo la kufia mbele ya ukuta ule lilimtia hofu kuliko kifo chenyewe.

Dinora alifika, akasimama katikati ya shamba, akatazama chini, kisha akamwita kwa Niña, jina la heshima la wanawake wa huko.

"Niña Hermelinda, nani kafagia huku?"

"Mimi. Ulitaka nikukaribishe jaani?"

"Ardhi haivuliwi nguo mbele ya wageni, Niña. Wala wageni wakiondoka."

Watu wakacheka, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa Don Baudilio, jirani wa upande wa chini. Don Baudilio hakukosa warsha hata moja. Alikuja na ndoo yake, akaipindua kivulini, akaikalia, na kutoka hapo aliwaeleza wenzake wafanye nini. Yote aliyosema yalikuwa sahihi, maana alikuwa na kumbukumbu kali.

"We Baudilio," Hermelinda alimwambia, "umekuja kulima au kula?"

"Mimi nimekuja kuelewa. Kulima wapo wengi."

Asubuhi hiyo walipima mteremko kwa fremu ya miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na jiwe likining'inia kwa uzi katikati. Uzi ulipotulia kwenye alama, miguu miwili ya fremu ilikuwa usawa mmoja, wakachomeka kijiti. Hatua kwa hatua vijiti vilizunguka kilima kwa mstari uliopindapinda, na walipomaliza, wakachimba mtaro juu ya mstari huo, ili maji yakishuka yasimame hapo yafikiri. Hermelinda ndiye aliyeshika fremu. Mara ya kwanza alikosea, akasoma uzi huku upepo ukiuyumbisha, na mita kumi zote zikang'olewa. Mara ya pili alisubiri. Walichimba mitaro mitatu, wakafunika shamba zima kwa majani, mabua na nyasi kavu, wakala maharage, tortiya za mahindi na maua ya mti wa izote yaliyokaangwa kwa mayai, wakaenda zao. Hermelinda alibaki akilitazama shamba lake lilivyochafuka, akaingia ndani ili asilione.

Jumanne iliyofuata, saa kumi alasiri, udongo ulirudi.

Ulikuja kwa njia ya korongo, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo, kina chake kufika kifundoni. Ulikuwa mwekundu. Mbwa walibweka kidogo, wakaunusa, wakaupisha. Don Baudilio alikuwa ugani pake akinoa panga.

"Niña Hermelinda! Udongo wako huo unarudi!"

"Nauona."

Aliutambua kwa kuwa ndani yake kulikuwa na kijiko cha bibi yake, kile kilichosombwa na mvua kubwa mwaka ule mbuzi walipokufa. Udongo ulipanda mpaka mtaro wa kwanza, ukaingia, ukatandaa chini ya majani, ukatulia. Hermelinda aliokota kijiko, akakiosha, akakitia kabatini. Kisha akachemsha kahawa.

Sasa, mkono uliofagia miaka hamsini hauachi kwa Jumamosi moja. Jumatano asubuhi alisikia kwamba shemeji yake anayekaa mjini atapita kumwamkia, akaona ni heri kukisafisha japo kile kipande kilicho karibu na njia. Alifagia, akauona ufagio unavyokwenda vizuri, akaendelea. Shemeji hakuja. Saa kumi ulikuja udongo mwingine, mwingi kuliko wa jana. Ulifika mpakani, ukasimama. Ulikaa hapo muda wa kupika tortiya moja, kisha ukageuka, na ule wa jana ukatoka mtaroni ukaufuata. Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo, na Ijumaa hakuna kilichokuja.

Jumamosi, kwenye shamba la mtu mwingine, mikono yake ikiwa ndani ya samadi, Hermelinda alisema mbele ya wote.

"Ulikuja. Nikaufukuza."

"Kwa nini?" Dinora aliuliza.

"Nilifagia."

Hakuna aliyecheka, hata Don Baudilio. Kila mwanamke pale alikuwa na ufagio wake, na kila mmoja alikuwa ameupitisha shambani wiki hiyo kwa siri. Dinora alinyoosha mgongo.

"Niña, wewe ungerudi nyumbani baada ya miaka arobaini ukakuta kumefagiwa hivi, hakuna pa kukaa, ungedhani unangojwa?"

Hermelinda alilia palepale, kwa aibu na kwa hasira ya kujijua. Kisha akatoka kwenye kazi kabla ya wakati, jambo asilowahi kulifanya, akaenda nyumbani, akabeba majani kwa kanga yake kutoka makorongoni na kuyamwaga shambani, uwanjani, mpaka kizingiti cha jiko. Alifanya hivyo mchana kweupe, njia imejaa watu wanaotoka sokoni. Wengine walisimama kuangalia. Alimwaga hata mbele ya miguu yao.

Jumatatu udongo ukaja, na Jumanne, na kila siku. Uliingia kwa Hermelinda na kwa wote waliokuwa wamechimba. Wenyeji walizoea. Waliacha mageti wazi kuanzia saa tisa na nusu, na waliofua nguo waliziondoa njiani mapema. Udongo ulikwenda kila mmoja kwake bila kukosea, na kwa Don Baudilio haukuingia.

Siku ya kwanza alidhani umepitiwa. Siku ya pili alisimama njiani akautolea mhadhara mzima: mtaro, mstari wa usawa, matandazo, miti ya mizizi mirefu ukingoni, mambo yote ya miezi minne bila kuruka neno. Udongo ulimzunguka vifundoni ukaendelea kupanda. Siku ya tatu aliuzibia njia kwa beleshi. Ukapita juu ya beleshi.

"Mbona haunisikii?" alimlalamikia Dinora. "Nimesema yote!"

"Umesema sawasawa kabisa, Don Baudilio. Nionyeshe mikono."

Alionyesha. Ilikuwa mikono misafi sana. Dinora akampa sururu, na watu kumi na saba wakakaa kivulini, mmoja wao juu ya ile ndoo, wakamwelekeza. Alichimba mita nne, akatoka malengelenge matatu. Kesho yake saa kumi udongo wa kujaza madebe mawili ulikata kona ukaingia kwake. Don Baudilio alizunguka kijiji kizima kutoa taarifa, na kutoka siku hiyo alikuwa wa kwanza kushika jembe, ingawa mdomo haukupumzika.

Mwezi wa Machi rangi ilibadilika. Uliokuja sasa ulikuwa mweusi, mzito, wenye kushikana. Hermelinda aliuchukua kidogo, akausugua baina ya vidole, akaunusa.

"Huu si wetu," alisema. "Mlimani hakujawahi kuwa na udongo huu."

Udongo mweusi ulipatikana mahali pamoja tu, kule bondeni, kwenye miwa ya shamba kubwa la San Onofre. Watu walikwenda ukingoni wakatazama chini, na ni kweli, miwa ilikuwa imelala na katikati yake mawe meupe yalikuwa yameanza kuonekana. Udongo ulikuwa ukitoka chini ya ua wa waya na kuingia barabarani, ukageuza uso kuelekea mlimani.

Katika juma la Pasaka yakaja mawe. Yalikuwa kumi na moja, kila moja kimo cha ndama, na yalichukua siku tatu kupanda kwa sababu yalipumzika kwenye kila kona. Yalikwenda moja kwa moja kwa Hermelinda. Kila jiwe lilikuwa limechongwa msalaba na chini yake herufi C, ya comunal, alama ya ardhi ya jumuiya. Babu yake Hermelinda alikuwa akiyasimulia mawe hayo alipokuwa amelewa na alipokuwa hajalewa: kwamba bonde lote lilikuwa la kijiji, kwamba wanaume wenye farasi walikuja na karatasi, kwamba familia zilipewa siku mbili kupanda mlimani kwenye miamba, na kwamba mawe ya mpaka yalizikwa usiku huohuo. San Onofre siku zote walisema hapakuwa na mawe. Hermelinda aliyagusa moja moja. Alisikia furaha ya ajabu, na nyuma yake uchungu, maana babu alikufa akiitwa mwongo.

Injinia Larios, msimamizi wa San Onofre, alipanda na lori.

"Huu udongo ni wa San Onofre," alisema.

"Uite basi," Hermelinda alimjibu. "Ukikufuata, nenda nao."

Hakuuita. Vijana wake walijaza magunia mia moja, wakayashusha. Kesho yake saa kumi udongo ulirudi, na magunia ukayaleta yamekunjwa vizuri. Hermelinda aliyaweka. Magunia mazuri huwa hayapatikani wakati wa mavuno.

Shauri likafika mahakamani mjini. Jaji alikuwa mtu mpole, asiye na haraka. Alipanda mlimani mwenyewe, akayapima mawe yote kumi na moja, akaonja udongo, akaomba kahawa. Kisha akasoma uamuzi wake, kundi zima la warsha likiwa limesimama na miguu yenye matope kwenye sakafu ya mahakama. Kuhusu udongo, alisema, hakuna sheria ya jamhuri inayoulazimisha kukaa mahali, kwa hiyo ulikuwa huru kwenda unakotaka. Kuhusu mawe, jiwe la mpaka ni ushahidi pale lilipochomekwa tu. Haya yalikuwa yameondoka kwa hiari yao, hivyo hayakuthibitisha chochote. Bonde lilibaki mali ya San Onofre kwa mujibu wa hati.

"Mheshimiwa," Don Baudilio aliuliza, "kwa hiyo shamba ni lao, udongo ni wetu?"

"Ndivyo."

"Na babu zetu?"

Jaji alipekua jalada lake mbele na nyuma.

"Hao hawakufungua shauri," alisema.

Mei mvua zilianza. Hermelinda alipanda mahindi kwa mti uliochongwa ncha, punje tatu kila shimo, na maharage pembeni yake, na maboga baina, na miti ya madrecacao kwenye kingo za mitaro, kila kitu kama mikono yake ilivyofundishwa. Mvua ilishuka mlimani kwa kasi ileile ya miaka yote, ikafika mtaro wa kwanza, ikasimama. Alikaa mlangoni akiitazama ikizama. Halikwenda hata tone barabarani.

Lakini mahindi ya miaka miwili iliyopita nayo yaliota vizuri. Kilichoyaua kilikuwa kiangazi kidogo cha Julai, pale mvua inapokata na jua linasimama juu ya kilima. Mwaka huo ilikata tarehe sita. Zikapita siku kumi, kumi na tano, ishirini. Yanira alipiga simu akasema ameshapata mtu mwenye pikapu. Hermelinda alimwambia sawa. Kila asubuhi alichomeka kidole ardhini, chini ya majani, na kila asubuhi moyo ulimpiga kabla kidole hakijafika. Siku ya kumi kulikuwa na unyevu kwenye pingili ya kwanza. Siku ya ishirini kwenye ya pili. Siku ya ishirini na sita ilibidi azamishe kidole chote, mpaka kiganja kikagusa ardhi, na huko ncha ya kidole ilikutana na ubaridi. Mahindi yalikuwa yamempita kichwa, ya kijani, yametoa nywele. Siku ya ishirini na nane ilinyesha. Alitoka nje akasimama kwenye mvua akapiga kelele peke yake, na kutoka upande wa chini Don Baudilio naye akapiga kelele, na sauti zikapokezana kilima kizima, shamba kwa shamba, kwa wote kumi na wanane.

Yanira alifika mwisho wa Agosti na pikapu na kamba za kufungia kitanda. Alimkuta mama yake amezungukwa na watu wa warsha, wote wanapukuchua mahindi mabichi kwa uji na tamale za kufungwa kwa majani, wamekaa juu ya mawe kumi na moja. Yanira alitembea shambani muda mrefu. Alirudi na majani kwenye viatu.

"Mama, hujafagia."

"Sifagii."

"Watu watasema nini?"

"Watu ndio hawa. Waulize."

Yanira aliketi. Alikula tamale tano. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Pikapu nimeshaikodi."

"Vizuri. Haitarudi tupu."

Waliipakia mahindi mpaka matairi yakabonyea, na maboga juu, na ndoo ya maharage. Hermelinda alipanda mbele akawasindikiza hadi barabara kuu. Njiani alitaja kwa sauti kila shamba la kijani walilopita na jina la mwenyewe, na alipotaja lake alilitaja mara mbili, na hakuona haya. Walipoagana Yanira alimkumbatia akamwambia, "Basi mimi ndiye nitakayekuja Krismasi," na pikapu ikaondoka ikiyumba kwa uzito.

Saa ilikuwa karibu na kumi. Hermelinda alianza kurudi kwa miguu, na njia ilipita kando ya bonde. San Onofre walikuwa wamezungusha waya mpya, nyuzi nne za miba, na ndani hakukuwa na muwa hata mmoja, mawe matupu yakimeremeta mpaka mtoni. Mlinzi kijana mwenye bunduki alikuwa amesimama getini. Udongo wa siku hiyo, pengine wa mwisho mwisho, ulifika kwenye ua, na mlinzi akainama akauinua waya wa chini kwa mkono ili upite bila kujikwaruza.

"Habari za mchana, Niña."

"Nzuri, mwanangu. Pale penye mwamba ule palikuwa na nyumba ya babu yangu. Ngoja nikapaone mara moja."

Mlinzi alisikitika, na ilionekana. Mkono wake ulikuwa bado umeshika waya.

"Huu unaruhusiwa kutoka, Niña. Wewe huruhusiwi kuingia."

Hermelinda alisimama akipatazama mahali pale. Udongo ulimfikia miguuni, ukasimama naye. Kisha alishika njia ya mlima, na udongo ukafuatana naye kifundoni mpaka nyumbani.